Nauli ya Mtangazaji

Mwaka 2006 vijana wa Korogocho, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, walianzisha Koch FM ndani ya kontena la meli. Miaka 20 baadaye, jina la redio hiyo bado linatajwa kila zinapozungumziwa redio za jamii Kenya. Redio ya namna hii inapotimiza umri fulani, sherehe zake zinajulikana: turubai, viti vya kukodi, mgeni rasmi, keki, na hotuba ambamo wanaojitolea hushukuriwa kwa sentensi moja kabla ya chakula.

Toleo hili limewapa wanaojitolea hao kurasa za mbele, na lina hoja kwa niaba yao. Redio inayokaa hewani kwa jasho lao iwalipe nauli na posho kila mwezi, na fungu hilo litengwe kabla ya fungu la sherehe.

Anayejitolea ndiye anayeamka saa kumi alfajiri ili matangazo yaanze saa kumi na mbili. Ndiye anayewarekodi kina mama kwa simu yake kwenye foleni ya maji, kisha anangoja zamu ya kuhariri kwenye kompyuta inayogombewa na wenzake. Umeme ukikatika katikati ya taarifa ya habari, ndiye anayekimbilia jenereta. Wiki ya maadhimisho wanaojitolea hutafuta spika, hubandika mabango na kuwabembeleza wasanii wa mtaa waje; siku yenyewe ikifika, mmoja wao hubaki studio, maana redio haiwezi kunyamaza siku yake ya kuzaliwa.

Thamani ya watu kama hawa ilionekana mwanzoni mwa 2008: Kenya ilipokuwa ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Pamoja FM ya Kibera iliwasihi wakazi watulie. Sauti zile zilikuwa za watu wa pale pale, wanaokutana na wasikilizaji wao dukani na kwenye vichochoro. Redio kubwa za kitaifa hazina uhusiano huo.

Wapo wanaohofia kwamba posho itaua moyo wa kujitolea, na hofu yao ina msingi: redio isiyosimama kwa miguu ya watu wake huzimika kwa urahisi. Redio ya jamii ya Homa Bay ilianzishwa 1982 na serikali kwa msaada wa UNESCO. Serikali hiyo hiyo ikaifunga 1984. Kinyume chake, Redio Mang'elete, kule Kibwezi, ilitokana na vikundi vya wanawake walioitaka wenyewe, ikaingia hewani 2004. Umiliki wa watu ni nguzo, hilo halina ubishi.

Lakini kijana wa Korogocho anayekosa kibarua kwa ajili ya zamu amekosa mlo wa siku hiyo. Atavumilia mwaka, pengine miwili, kisha ataondoka na ujuzi wote aliofundishwa, na redio itaanza upya kumfundisha mwingine jinsi ya kushika maiki. Hasara hiyo ni kubwa kuliko posho yenyewe.

Wafadhili nao wahusike. Ni rahisi kupata fedha za mtambo, ambao hupigwa picha ukikabidhiwa. Ni vigumu kupata za nauli ya anayeuwasha kila asubuhi. Kamati za redio zinazoandika maombi mwaka huu ziweke mstari wa nauli hiyo juu kabisa, na zikatae kuufuta.