Daftari la mauzo peke yake linakudanganya

Wadau, leo tuache kidogo mambo ya picha na kapsheni. Tuongelee daftari.

Mimi nimeishia form four, nauza viatu vya kike mtandaoni. Mwaka jana nilikagua daftari, nikaona namba 38 ndo inaongoza. Nikaweka karibu mtaji wote kwenye 38. Mzigo ukalala miezi mitatu. Niliumia!

Katika kujifunza kutunza rekodi nikakutana na baiskeli za kukodi za New York, Citi Bike, zilizoanza 2013. Unachukua baiskeli kituo hiki, unairudisha kingine. Kila safari inajiandika: saa ya kuchukua na kurudisha, kituo cha kuanzia na kumalizia, kama ni mwanachama au mpita njia. Rekodi hizo wanaziweka mtandaoni, yeyote anapakua bure. Nikapata masomo mawili.

1. Wanasafisha rekodi. Safari isiyofika sekunde 60 inatolewa, huenda mtu alikuwa anahakikisha tu baiskeli imefungwa vizuri. Za wafanyakazi wao wanaokagua mitambo nazo zinatolewa. Sisi je? Mteja akisema "niwekee", tunaandika tumeuza. Kesho hapokei simu. Nilipofuta "niwekee" zangu, 38 ikashuka.

2. Rekodi ya safari haimuoni aliyekosa. Mtu akikuta kituo hakina baiskeli, anaondoka zake. Hakuna safari, hakuna rekodi. Ukiangalia safari tu, utasema kituo kile hakina wateja, kumbe hakina baiskeli! Ndo maana mifumo hii inafuatilia pia kila kituo kina baiskeli ngapi muda huo, na baiskeli zinahamishwa kutoka kulikojaa kwenda kulikokauka.

Hapo nikarudi DM. "Dada, 41 ipo?" "42 je?" Na mimi kila siku: "imeisha, mpenzi." Hao wote hawakuwemo daftarini. 38 iliongoza kwa sababu ndo niliyokuwa nayo nyingi, basi.

Kuna watu wanatuambia tununue programu za kulipia ndo biashara ikue. Mimi sikubali. Programu ukiijaza uongo, itakupa uongo wenye rangi nzuri. Anza na daftari la kawaida, lenye safu tatu:

- Kilichouzwa na hela imeingia
- Kilichoulizwa nikawa sina
- Kilichorudishwa, na sababu

Utasema huna muda. Mimi natumia dakika kumi kabla ya kulala. Miezi mitatu ya mzigo kulala ilinigharimu zaidi.

Safu ya pili usiiache hata kwa bahati mbaya. Mteja uliyemkosa hakuachii risiti, anaenda kwa jirani.

Haya, wewe kitu gani wanakuulizia kila siku na huna? Kiandike leo, kabla hujaagiza mzigo mwingine.