Karma si Daftari la Kumhukumia Mwenzako

Miongoni mwa itikadi za dini ya Kihindu, kwa rai yangu, hakuna iliyo tukufu kuliko ile ya wafuasi wa Advaita, wanaosadiki kwamba roho iliyomo ndani ya kila kiumbe, waiitayo atman, haitengani na ile asili moja ya ulimwengu wote, Brahman. Humo hupata mizizi ahimsa, yaani kutodhuru chenye uhai, sifa ambayo sisi watu wa pwani tumeiona tangu zamani kwa majirani zetu Mabaniani, ambao wengi wao hawagusi nyama.

Basi la kuhuzunisha ni kwamba karma, itikadi imfunzayo mtu kuwa matendo yake yatamfuata hata katika maisha yajayo, ilitumiwa karne nyingi kuwaambia waliozaliwa katika matabaka ya chini kwamba unyonge wao ni jaza ya madhambi ya maisha yaliyopita, na kwamba dharma yao, wajibu wao, ni kuridhika nao. Hiyo ni dhuluma iliyovikwa joho la ibada, kwani karma ni hesabu ya mtu na nafsi yake.

Waliolipinga jambo hilo walitoka ndani ya dini yenyewe. Mwaka 1888, huko Aruvippuram, katika dola ya Travancore, kusini mwa India, Narayana Guru, mzaliwa wa Ezhava, tabaka mojawapo la chini, alitwaa jiwe mtoni akalisimamisha liabudiwe kuwa mungu Shiva, amali ambayo Mabrahmani, tabaka la makuhani, waliihesabu kuwa yao peke yao. Mwaka 1924, huko Vaikom, katika dola hiyo hiyo, wanyonge pamoja na Wahindu wa matabaka ya juu waliowaunga mkono walisimama mbele ya vizuizi vya polisi, wasimpige mtu wala kumtukana, wakidai haki ya kupita tu katika njia zilizozunguka hekalu; na gharika ya mwaka ule ilipofika, wakasimama majini. Mahekalu yenyewe ya serikali hayakufunguliwa kwa matabaka ya chini hadi tarehe 12 Novemba 1936, kwa amri ya Maharaja wa Travancore.

Dr. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, ambayo kifungu chake cha 17 kimeharimisha kumhesabu mtu kuwa najisi kwa sababu ya kuzaliwa kwake, alichoka kungoja dini hiyo ijirekebishe, na mwaka 1956 akaingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Simlaumu hata kidogo. Lawama ni ya wale waliokiri kwa ndimi zao kwamba roho ni moja, kisha wakamzuilia mwenye roho hiyo njia ya kupita.