Presha Imeshuka, kwa Nini Niendelee na Vidonge?

Swali hili huulizwa katika kila kliniki ya shinikizo la damu, na jibu la kawaida ni fupi: "Dawa hii ni ya maisha." Hilo ni agizo, si jibu. Jibu lenyewe limo katika ukuta wa ateri, na mgonjwa anastahili kulipata.

Ukuta huo una tabaka la seli za misuli laini zinazouzunguka mshipa. Seli hizi hutii ishara, si matakwa yetu. Homoni ya anjiotensini II ikinasa kwenye kipokezi chake, kalsiamu huongezeka ndani ya seli, nayo seli hujikunja na mshipa hubana. Utando wa ndani, unaogusana na damu, hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayoilegeza misuli hiyo. Utafiti juu yake uliwapatia Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998. Mshipa mwembamba ukipungua upana kwa nusu, ukinzani dhidi ya damu huongezeka mara 16.

Kubana si ubaya wote. Ishara hiyohiyo ya anjiotensini ikidumu miaka, huziamuru seli zikue na kufuma nyuzi ngumu, na ukuta ukanenepa pasipo maumivu yoyote.

Amlodipini huziba milango ya kalsiamu; losatani hukikalia kipokezi cha anjiotensini. Hakuna kati yake inayoifuta amri. Tena amlodipini huondoka mwilini polepole: huchukua saa 30 hadi 50 kupungua kwa nusu katika damu. Aliyeiacha Jumatatu aweza kupimwa Jumatano akaonekana mzima, naye akaamini amepona. Namwelewa kabisa, ushahidi alioonyeshwa ndio uliompotosha.

Wengine huacha kwa sababu miguu imevimba, wakidhani figo zimeharibiwa. Mara nyingi ni amlodipini kulegeza ateri ndogo kuliko vena, maji yakachuruzika kwenye nyama. Arudi kliniki achunguzwe. Dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa.

Nitaambiwa foleni ni ndefu. Ni kweli, lakini maneno haya hayamalizi dakika: "Seli za mishipa yako bado zinaamriwa kubana. Kidonge cha leo kinaizuia amri ya leo. Kesho itakuja nyingine." Kisha mgonjwa aulizwe kama vifundo vya miguu vimevimba, kabla hajaitwa anayefuata.