Mguu wa Kuku Mezani

Jumamosi moja nilikuwa Watamu, kwenye mkahawa ambao bei zake si zangu. Rafiki yangu alikuwa amelipwa kazi ya kupiga picha za harusi, akaninunulia samaki. Meza ya jirani akaketi jamaa wa makamo: shati la kitani, funguo za gari, simu mbili. Alipokaa vizuri akachomoa bastola kiunoni, akaiweka mezani kando ya zile simu, kama mtu anayevua miwani. Mhudumu akaja na sahani. Akasita, akatafuta pa kuitua, mwishowe akaisukuma pembeni kabisa isije ikagusa kile chuma. "Karibu, boss," akasema, sauti imemshuka.

Rafiki yangu akaniinamia sikioni: "Hiyo ni Glock, msee. Si Ceska hiyo."

Alisema kwa ile sauti ya kusifu gari jipya. Na mimi, walai, kilichonikera zaidi kilikuwa hicho. Jamaa na kiburi chake nilishawazoea.

Nenda maskani yoyote Malindi, Maweni au Muyeye, uulize mwakilishi wa wadi amefanya nini mwaka huu. Watu watakuna vichwa. Sasa uliza tofauti ya Glock na Jericho. Utapewa mhadhara. Utaambiwa Jericho ni ya Waisraeli na karao wetu wanayo. Utaambiwa Glock ni ya Austria, na jeshi la huko liliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fremu yake ni ya plastiki, haina swichi ya usalama ya kusukumwa kwa kidole gumba, na Glock 17 hubeba risasi 17 kwenye magazini yake ya kawaida. Polisi wa Marekani wakaipenda, filamu zikaipenda, wanamuziki wakaipenda, nasi huku tukaipokea ikiwa tayari na sifa zake zote. Mguu wa kuku, tunauita. Hata jina tumelipa utani, kama la mpwa.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. G3, ile bunduki ndefu polisi wetu waliyoizoea, ni mzigo wa zaidi ya kilo nne, na risasi yake haisimami kwenye ukuta wa udongo wala wa mabati. Kuifyatua sokoni ni wazimu. Kwa kazi ya mjini bastola ina akili zaidi. Nakubali kabisa.

Lakini G3 haifichiki. Ukiiona unajua kuna askari, na mara nyingi kuna sare. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari aliyevaa sare aweke jina au nambari yake mahali panapoonekana. Bastola ndiyo iliyomwezesha kuiacha sare nyumbani. Inaingia ndani ya jinzi, chini ya fulana, na ikiingia humo, jina nalo limeingia.

Mwezi Machi 2017, Eastleigh, mtu mwenye nguo za kiraia alirekodiwa akiwapiga risasi vijana wawili mchana kweupe, umati ukitazama. Waliouona mkanda ule wanakumbuka pia makofi yaliyopigwa mitandaoni: afadhali, majambazi hao, wacha waende. Miaka saba baadaye, 20 Juni 2024, Rex Masai, umri wake 29, akapigwa risasi Nairobi kwenye maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha. Safari hii tulipiga kelele, maana aliyelala chini alifanana na sisi. Kwani wale wa Eastleigh walifanana na nani?

Mimi mwenyewe nilisimamishwa usiku nikiwa kwenye bodaboda, barabara ya kuingia Kilifi. Wanaume wawili, probox, hakuna sare. Nikaomba kitambulisho cha kazi, kwa adabu, "afande" ikiwa mbele. Mmoja akainua fulana kidogo tu, akaishusha. Hicho ndicho kilikuwa kitambulisho. Mpaka leo sijui kama walikuwa polisi. Nilijibu maswali yote.

Kisha wako raia wenye leseni. Sheria inataka uwe na sababu nzuri ya kumiliki silaha, na kuna bodi nzima ya kukuchuja. Mwishoni mwa 2018 serikali hata iliwaagiza wenye leseni wachujwe upya. Sababu inayotajwa ni usalama. Haya, tuulizane usalama wa nani. Ganda, hapa hapa Malindi, Oktoba 2019, kampeni za kiti cha wadi (cha wadi!) zilifika mahali mtu akauawa kwa risasi nyumbani kwa mgombea. Wazee wenye mvi Kilifi wanakatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Shakahola, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, na wengi wa marehemu walikufa kwa njaa. Hatari zinazotumaliza pwani hii hazijawahi kuogopa kiuno cha mtu. Mzee wa Ganze hana Glock na hatapewa. Anayepewa tayari ana ukuta, mbwa, askari wa geti na nambari ya OCS kwenye simu.

Basi aiite anavyotaka, mimi naona ni saa ya dhahabu nyingine. Tofauti ni kwamba saa haimbadilishi mhudumu sauti.

Na sisi ndio tunaoing'arisha. Siku ile Watamu rafiki yangu aliinuka, akaenda kumwomba boss picha. Boss akacheka, akakubali, ilimradi uso usionekane. Picha ikatoka nzuri: mkono, chupa, bastola, na bahari nyuma. Kufikia saa nne usiku ilikuwa imependwa kuliko picha zote za harusi aliyolipwa kupiga.

Nilipokuwa nangoja chenji nilimuuliza yule mhudumu kama haogopi. Akatazama meza ile, ambapo jamaa alikuwa bado ameketi.

"Hapana," akasema. "Ila huwa nahesabu chupa."