Gugu la Kariba na Pacha Wake: Fundisho kwa Nchi Jirani

Askari hufunzwa mapema kwamba kumjua adui ni nusu ya ushindi. Fundisho hilo latufaa leo tuyatazamapo maziwa tunayochangia na jirani zetu. Gugu la Kariba, lililogunduliwa katika Ziwa Kyoga mwaka 2013, limekwisha kufika pia Ziwa Albert, lililo mpakani mwetu na Kongo. Utandapo utando wake, mtumbwi haupiti, nyavu hazitegeki, na samaki hukosa hewa.

Historia ya gugu hili yatuonya. Bwawa la Kariba, baina ya Zambia na Zimbabwe za leo, lilizibwa Desemba 1958. Mwaka uliofuata mmea huu ulionekana ukielea, na kufikia 1962 ulikuwa umefunika kilomita za mraba zipatazo 1,000. Wataalamu waliuita Salvinia auriculata, jina la jamaa yake wa Amerika ya Kusini.

Kwa macho, mimea hii miwili ni pacha. Yote ni ya jamii ya kangaga, haina maua, na vinywele vya majani yake hufungana nchani mfano wa mchapo wa kupigia mayai. Tofauti imo chini ya maji, katika vifuko vya uzazi. Vya gugu la Kariba hupangika mnyororo mrefu, na ndani hamna spora zenye uhai. Gugu hili ni tasa. Huenea kwa kukatika vipande. Mwaka 1972 ndipo lilipopewa jina lake, Salvinia molesta.

Kosa la jina lilizaa kosa la silaha. Fukusi waliotolewa Trinidad, juu ya auriculata, waliachiwa Botswana katika miaka ya 1970, lakini hawakulishinda gugu. Asili yake ilipopatikana kusini-mashariki mwa Brazili, fukusi wa huko walipelekwa Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980. Miaka miwili haikupita, gugu likawa karibu limekwisha. Fukusi hao nao walidhaniwa kuwa ni wale wale wa Trinidad, hata 1985 ilipothibitishwa kuwa ni aina mbali.

Basi twashauri kwamba nchi zinazopakana ziwani zitambue kwanza mmea na mdudu, kisha zishambulie pamoja. Upande mmoja ukisafishwa na wa pili ukaachwa, upepo wa usiku mmoja watosha kulirudisha gugu.