Mayai ya rojo, na ule uchumi wa kumnyima mtoto yai

Haya wadau, leo nachokoza mada ya tumboni. Msimamo wangu naweka mezani mapema: mayai ya rojo yana maana kuliko zege, na sisi watoto wa Simiyu tuna sababu zaidi ya kuyapenda.

Zege mnalijua. Boom likiingia tu, foleni kwa muuza chipsi inafika barabarani. Sahani moja mayai mawili, mafuta yanachuruzika, kashibisha mtu mmoja. Sasa chukua mayai mawili mengine hayohayo, yapikie kwenye rojo, mnakula wawili na ugali wenu na mboga imo humohumo. Hesabu hiyo haihitaji mtu wa B.Ed. Maths!

Namna yake ni hivi. Kaanga kitunguu, saumu na tangawizi, kwetu Bariadi hata mafuta ya pamba yanafaa sana. Tia binzari, kisha hoho, karoti na nyanya za kutosha. Usiwe na haraka, subiri mpaka nyanya zilainike na mafuta yaanze kupanda juu. Chimba vishimo kwa kijiko, vunja yai kila kishimo, chumvi kidogo, funika. Moto mdogo, dakika sita saba hivi, kiini kikishika epua. Usikoroge! Ukikoroga umepika kitu kingine.

Watu wa Tunisia na Libya wanaita shakshuka, na siku hizi inauzwa bei mbaya kwenye mahoteli ya mijini kama vile ni uchawi. Nyanya na hoho asili yake Amerika, zimevuka bahari baada ya 1492, kwa hiyo Mtunisia naye aliletewa kama sisi. Hakuna wa kumwonea aibu mwenzake hapo.

Ila kinachonikera hasa ni kwamba kwetu, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu hadi Busega, kuku wanazurura kila uani na mtoto wa nyumba hiyohiyo anakula ugali na mlenda wiki nzima. Mayai yanaenda gulioni au yanaachwa yaatamiwe. Ukiuliza utajibiwa: yai ni kuku, kuku ni mbuzi, mbuzi ni ng'ombe, sasa wewe unataka kula ng'ombe asubuhi? Na mjamzito ndo kabisa, maana sehemu nyingi za nchi hii wanaambiwa akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele.

Hiyo ya nywele tuachane nayo, ni hadithi ya kumtoa mama mezani. Lakini hoja ya ng'ombe siidharau. Ndiyo iliyonunua daftari za wengi wetu tuliomo humu. Hata hivyo ina tundu. Kuku wa kienyeji anataga mayai kumi na kitu, analalia siku 21, vifaranga wanatoka, halafu kideri kinapita na kufagia boma zima. Wengine mwewe. Huyo ng'ombe anafia njiani kabla hajawa hata mbuzi!

Kwa hiyo mnaoenda likizo, pendekezo langu ni hili. Kwanza chanjo ya kideri: tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, kuku mwenye afya, kabla ugonjwa haujaingia, na majirani wote mchanje siku moja. Vifaranga wakipona wengi, huhitaji kuatamisha kila yai. Yanayobaki gawa, mengine gulioni, mengine jikoni. Yai moja lina protini gramu sita hivi, na kwa mtoto mdogo hiyo si mzaha.

Hapo ndipo rojo linapofanya kazi yake. Baba asiyekubali mayai kumi yakaangwe atakubali manne yakiwa ndani ya sufuria la mboga la familia, kwa sababu haonekani kama anakula anasa. Na ukipakua, anza na mtoto na mama mwenye mimba, siyo wanaume halafu wengine walambe mchuzi.

Sisi kesho ni walimu. Tutasimama mbele ya darasa kufundisha makundi ya vyakula, tutachora yai ubaoni, mtoto atalinakili vizuri apate vema, arudi nyumbani akalipeleke gulioni. Bora tuanze kuwaambia wazazi wetu sasa.

Naomba kuwasilisha. Wapenzi wa zege, nawasubiri.