Uwanja wa Chuo ni Amana ya Askari Pia

Tusidhani kwamba uwanja wa riadha wa chuo kikuu ni jambo la wanafunzi peke yao. Kipchoge Keino, bingwa wa mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, alikuwa askari polisi wa Kenya. John Akii-Bua, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972, sekunde 47.82, alikuwa askari polisi wa Uganda. Leo Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina makao yake Busia na tawi Nagongera, wilayani Tororo. Kijana wa mpakani asiye na uwanja hukimbia barabarani, kati ya malori. Ndugu askari, majembe na mafyekeo ya kambini yautunze uwanja wa chuo pia. Huo ni wajibu wetu sote.